Vitambaa vya Kamba ya Mbele

Benedikta alitoka jikoni na sufuria la pili la uji, akamkuta Januarius anaanua vitambaa kwenye kamba.

Alisimama mlangoni asiamini. Mwanamume mzima, bwana mifugo anayeheshimika Lagangabilili na vijiji vyake vyote, shati limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, asubuhi yote hiyo yuko mbele ya nyumba ya watu Bariadi anachomoa vibanio mbio mbio kama mwizi wa kanga! Vitambaa alikuwa anavirundika begani, na maji yalimchuruzika mgongoni hana habari.

"Janu!"

Akashtuka. Kibanio kikamdondoka.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Unafanya nini na vitambaa vyangu?"

"Naanua."

"Naona unaanua, sijapofuka. Vibichi hivyo! Nimeanika sasa hivi, hata havijaacha kudondosha maji."

Januarius akageuza uso, akatazama barabara, akatazama viatu vyake, akatazama kila kitu isipokuwa yeye. Kisha akasema haraka, "Mama anakuja."

Benedikta aliweka sufuria chini taratibu.

Mama yake Januarius, Mama Wilhelmina wa Lalago, Benedikta alikuwa hajawahi kumtia machoni. Tangu pamba haijapandwa anaahidiwa kupelekwa. Mara mvua imeharibu barabara, mara kuna chanjo ya ng'ombe, mara mama presha imepanda. Pamba ikapandwa, ikapaliliwa, ikapasuka, sasa malori yalikuwa yanapita nayo njiani yakimwaga manyoya meupe mpaka kwenye uji wa watu, na Benedikta bado anasubiri kuitwa mchumba mbele ya mkwe.

"Anakuja lini?"

"Yuko njiani. Ameshapanda gari."

"Na wewe umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi! Umejua juzi, jana ukaja hapa ukala wali wangu na maharage, ukaniaga, ukaondoka, na mdomo umeufunga?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, Bene."

"Na namna uliyoipata ndiyo hii, kuniibia vitambaa?"

Barazani wanawake waliacha kunywa uji. Bibi Generoza, mkubwa wao, ambaye meno ya mbele yalishamtoka siku nyingi, alisogeza mkeka asikose neno.

Januarius akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi nilimwambia una chuo cha ushonaji."

"Chuo."

"Si uongo kabisa. Cherehani unazo, na kushona unawafundisha."

"Na hawa je? Umemwambia ni akina nani?"

"Wanafunzi."

Wote wawili wakageuka kumtazama Bibi Generoza. Bibi naye akawatazama, akafuta uji kidevuni kwa kiganja.

"Mwanafunzi na huyo?" Benedikta akauliza.

"Kuna elimu ya watu wazima," Januarius akasema, na Mungu anajua, mwenyewe aliona aibu.

"Ehee. Endelea. Maana naona bado kuna lingine."

"Nimezungumza na Maua wa dukani. Ana stoo ile ya nyuma, ni safi, ina hewa. Wakae huko mpaka jioni tu. Mama akishaondoka kwenda kulala kwa shangazi, wanarudi. Leo tu, Bene. Siku moja!"

Benedikta akacheka kicheko kikavu. Alikuwa amechoka. Amechoka na mwanamume huyu kuliko alivyowahi kuchoka na mume aliyemfukuza, maana yule hakuwa anampenda.

Tuyaseme yalivyo, kwa kuwa aliyeshindwa kuyasema ni Januarius peke yake. Wanawake wale barazani walikuwa wagonjwa wa fistula. Walishikwa na uchungu wa kuzaa ukakaa mno, wengine nyumbani, wengine shambani. Watoto wakafa, na wao wakabaki wanavuja mkojo mchana na usiku bila kuweza kuuzuia. Ugonjwa huo una tiba. Mwanza wanapasua na mtu anapona, lakini nani atamwambia mwanamke aliyefungiwa kibandani? Hiyo ndiyo kazi aliyojipa Benedikta. Akisikia kuna aliyefichwa Mkula, anapanda gari anakwenda. Anabishana na waume, na mama wakwe, na waganga. Anawaleta kwake, wanaoga, wanakula wanashiba, wanangoja safari ya hospitali, na huku wakingoja wanajifunza cherehani.

Yeye mwenyewe alitokea huko huko. Aliolewa angali mbichi, mimba ya kwanza ikamharibu, mume akamrudisha kwao, na ng'ombe wa mahari wakaswagwa kurudi walikotoka, watu wamesimama njiani wanatazama. Kaka yake akamjengea kibanda nyuma ya zizi. Vitambaa vyake alivianika chini ya kitanda asionekane, havikauki, vinanuka, mapaja yakababuka akawa hawezi kukaa. Kwa hiyo alipopona, akapata nyumba yake ya kupanga, kitu cha kwanza alifunga kamba. Akaifunga mbele, upande wa barabara, jua linakopiga kutwa nzima. Hapa hafichwi mtu. Maneno hayo kila aliyeingia pale aliyasikia kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Na sasa huyu hapa, mchumba wake, anaianua kamba.

"Janu, hebu niambie," alisema, sasa kwa upole uliomtisha Januarius kuliko kelele. "Ng'ombe akishindwa kuzaa, wewe unafanya nini?"

"Bene, tafadhali."

"Nakuuliza kazi yako."

"Namsaidia."

"Unamsaidiaje? Si unavua shati, mkono unazama mpaka begani, damu, maji, na kinyesi juu, na wanaume wamejaa wanatazama? Kisha unanawa unakula ugali. Leo ulimi wako unashindwa kusema neno moja dogo mbele ya mama yako?"

"Ng'ombe si mama mkwe!" Januarius akapaza sauti, kisha akajutia. Akamsogelea, vitambaa vingali begani. "Unadhani nakuonea aibu wewe? Mimi? Mama namjua. Nikianza na ugonjwa, hatakuona tena. Kila akikutazama ataona kibanda na ng'ombe waliorudi. Nataka akuone wewe kwanza. Akupende. Mengine nitamwambia baadaye."

"Baadaye lini? Baada ya mahari? Au mpaka amsikie jirani anasema kisimani?"

"Nitamwambia."

"Mficha maradhi, Janu..."

"Najua, kifo humuumbua. Najua."

Akamtazama hatimaye. Alikuwa na macho ya upole, macho ambayo Benedikta aliyaona kwa mara ya kwanza Itilima, siku bodaboda wote walipokataa kumbeba mgonjwa wake. Januarius alisimamisha pikipiki bila kuombwa. Walipofika kiti kimelowa chapachapa. Akakifuta kwa leso yake, akaketi, akaendelea na habari zake za kupe na majosho kama hakuna lililotokea. Benedikta alimpenda pale pale, hata jina lake hajalijua. Na hilo ndilo lililokuwa linamtia hasira zaidi. Angekuwa mtu mbaya angemfukuza, akaosha vyombo, yakaisha.

Alitaka kumjibu, lakini bodaboda ilikunja kona ya dukani, nyuma yake ameketi mama mnene kiasi, kitenge kipya, kilemba kirefu, na chini ya kwapa kuku jike mwekundu.

"Yesu wangu," alisema Januarius.

Benedikta alijifuta mikono, akaenda kumpokea, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone." Mama Wilhelmina alimtazama kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, hana haraka. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," Januarius akajibu kwa mbali.

"Ana heshima. Na mikono yake ina kazi." Akaketi kwenye kiti alicholetewa, lakini kuku hakumwachia. Kwao Lalago mama mkwe akija kutazama mchumba huja na kuku, na kuku hatoki mkononi mpaka moyo umeridhika. Benedikta alilijua hilo. Kila alipojaribu kutomtazama yule kuku, macho yalirudi.

"Wewe mbona umebeba nguo?" Mama akamgeukia mwanawe. "Umekuwa dobi?"

"Ni kazi za wanafunzi, mama. Wanajifunza kupinda."

"Mbona zina maji?"

"Ee... kitambaa huloweshwa kwanza. Kisijivute."

Benedikta alifumba macho. Alijiambia atahesabu pumzi, atavumilia, labda Mungu atamfungua mwanamume huyu mdomo.

Ndipo Holo akasimama. Binti mdogo wa Mkula, mpole, hajamaliza wiki pale. Kwao alifunzwa kwamba mgeni hupewa maji, na alipoona wakubwa wamesahau, akainuka kwenye mkeka kwenda mtungini. Gauni lilikuwa limemgandia miguuni. Alipoacha mkeka, pakaonekana palipolowa, na kila mtu akaona.

Lori la pamba likapita, vumbi likatulia. Benedikta alimtazama Januarius. Sema, alimwambia kimoyomoyo. Sema sasa hivi, mwanamume wangu, sema neno moja tu nikusamehe yote.

"Amemwaga maji," Januarius akasema. "Binti huyu naye! Kila mara anamwaga maji ovyo."

Holo aliinamisha kichwa, akaingia ndani. Alitoka na mfuko wake wa salfeti, kanga imefungwa juu juu.

"Unakwenda wapi?" Benedikta akamuuliza.

"Nyumbani, dada."

"Holo, safari ni kesho. Madaktari wanakungoja wewe. Ukikosa kesho nitakutafutia wapi nafasi nyingine?"

"Uliniambia hapa hafichwi mtu." Hakulia, aliongea kama anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. "Mimi niliamini. Kumbe hapa nako tunafichwa. Sasa kuna tofauti gani na kwetu? Kule angalau ananificha mama yangu."

Maneno hayo yalimchoma Benedikta mahali alipodhani pameshapona. Aliushika mfuko wa Holo, akauvuta, wakavutana, akaunyakua na kuuweka nyuma yake. Kisha akamgeukia Mama Wilhelmina. Hakupiga magoti safari hii.

"Mama, hajamwaga maji. Anaumwa. Wote hawa wanaumwa, wanavuja mkojo kwa ajili ya uzazi, si kwa uchafu wala kwa kurogwa. Hapa si chuo. Na mimi nilikuwa kama wao. Nilivuja mpaka nikasahau nguo kavu zikoje."

"Bene!" Januarius akasema.

"Nyamaza, wewe! Zamu yako ya kusema umeitumia."

Mama Wilhelmina alimkumbatia kuku wake vizuri. "Ulikuwa na mume?"

"Nilikuwa naye."

"Na ng'ombe?"

"Walirudi kwao. Wote."

"Aa." Mama akatikisa kichwa pole pole. "Yaya. Hapana, mwanangu. Mimi si mtu mbaya, lakini mwanangu aswage ng'ombe kwa mwanamke ambaye ng'ombe wake walishakataliwa? Lalago watasema nini? Na wajukuu, nitapata wapi?"

"Daktari amesema naweza kuzaa, kwa upasuaji. Mwanao anajua, alikuwapo. Kuhusu watu wa Lalago sina dawa." Akamsogelea mama hatua moja. "Mama, mimi kule kibandani niliomba kufa. Sikujua kwa nini Mungu ananikatalia. Siku niliyompeleka mwanamke wa kwanza Mwanza, akarudi amekaa kwenye kiti cha gari kama watu, kavu, anakula mahindi na kucheka, nikajua. Ni kwa ajili ya hili. Mwanao nampenda, nampenda mpaka nimekuwa mjinga, siwezi kukuficha. Lakini nikiwafungia hawa stoo ili mimi niolewe, nitakuwa nimerudi kibandani kwa miguu yangu mwenyewe. Sirudi."

Mama akainuka. Akajitengeneza kitenge, kuku kwapani. "Janu, twende kwa shangazi yako."

Januarius hakwenda, na hakubaki. Alisimama katikati ya uwanja na vitambaa vyake, akimtazama mama, akimtazama Benedikta, shati la pasi limelowa lote.

Bibi Generoza akaona upumbavu umezidi. Akajiinua kwa kushika ukuta, akajikokota mpaka mbele yake.

"Baba," akasema, "mimi nilipokuwa msichana, tukitoka gulioni vijana walitufuata njiani, wanakuzunguka huku na huku, wanapiga makofi. Chagulaga! Chagua mmoja kati yetu, la sivyo hupiti. Ukilia hawakuachi. Ukitaka kwenda kwenu huendi mpaka umetaja mtu." Akapiga kofi moja. "Leo wewe ndiye msichana. Chagulaga!"

Mwanamke mwingine akacheka, akainuka. Akafuata mwingine. Wakamzunguka, kanga zimelowa na hawajali, makofi yakashika, sauti zikapanda mpaka Maua akatoka dukani kwake kuchungulia.

"Chagulaga, baba! Chagulaga!"

Benedikta hakupiga kofi. Alisimama amemshika Holo mkono, na moyo ulikuwa unamdunda hata akasikia masikioni. Akienda, nitalia baadaye, alijiambia. Kwanza nimfikishe mtoto huyu Mwanza.

Januarius alimtazama. Kisha akapenya kati ya wanawake, akaenda, si kwa mama yake, si kwa Benedikta, bali kwenye kamba. Akachukua kitambaa cha kwanza begani, akakirusha juu, akakibana.

"Mama," alisema akiwa amempa mgongo, "ugonjwa wao unaitwa fistula." Akarusha kingine. "Benedikta aliumwa, akapona, na mimi nilimpenda nikijua. Sikudanganywa na mtu. Aliyedanganya ni mimi." Akatafuta kibanio chini, akakikosa, akaning'iniza hivyo hivyo. "Holo, hukumwaga maji. Nimekusingizia mbele za watu, nisamehe. Kesho nakubeba mimi mwenyewe mpaka stendi, na ukitaka nakupeleka mpaka Mwanza. Ng'ombe wa watu watanisubiri."

Makofi yalikoma. Holo akamtazama Benedikta, kisha akauchukua mfuko wake pale nyuma. Benedikta akamwachia mkono. Holo akarudi nao ndani.

Januarius aliendelea kuanika. Jamani, alianika vibaya! Vingine vimekunjamana, vingine vimekaa viwili viwili, kimoja kikaanguka kwenye vumbi akakiokota akakianika na mchanga wake. Mama Wilhelmina alikuwa ameshafika barabarani na bodaboda imeshawashwa. Akageuka mara moja kumtazama mwanawe, akasonya, akageuka mbele. Akageuka tena.

"Yesu na Maria," akasema. Akarudi uwanjani, hatua nzito, hasira usoni. "Wewe! Hivyo ndivyo nilivyokufundisha mimi? Kitambaa kinakunjuliwa! Kinapigwa hewani, kinanyooshwa! Kikikauka hivyo kitamkwaruza mtu!"

"Mama..."

"Usiniite mama. Na sijasema nimekubali, mtu asinisikie vibaya. Nasema vitambaa havianikwi hivyo." Akafika kwenye kamba, akanyoosha mkono, akakuta mikono haimtoshi. Akamgeukia Benedikta kwa ukali. "Na wewe umesimama tu? Shika huyu kuku, nishike kibanio!"

Benedikta akampokea. Alikuwa wa moto, na moyo wake mdogo ulikwenda mbio kama wa Benedikta. Machozi yakamlenga, akayazuia, maana leo alishachoka kuonekana.

"Mayu," akauliza, "nimfunge au nimchinje?"

Mama Wilhelmina alikipiga kitambaa hewani, pa, akakinyoosha juu ya kamba, barabara nzima inatazama.

"Umfunge wa nini? Kwani mimi nitakula nini?"